Je, Wajua? Maji Yanapenda Kukimbia

Je, wajua kwamba mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya eneo la mita moja ya mraba huwa imeleta lita moja kamili ya maji? Kwa hiyo milimita zinazotangazwa redioni unaweza kuzigeuza lita papo hapo, kwa kuzizidisha tu na ukubwa wa paa lako. Chukua nyumba ya kawaida yenye bati linalofunika mita za mraba 60. Mvua ya milimita 25, ile ya alasiri moja, humwaga juu ya bati hilo lita 1,500. Ukitoa yanayorukia pembeni na yanayovuja kwenye maungio ya gata, mwenye nyumba aliyejipanga hakosi lita 1,200, yaani madumu 60. Sasa nenda Dodoma, mkoa unaosifika kwa ukame, ambako hunyesha wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka. Bati lile lile lingekinga pale lita zisizopungua 24,000 kila mwaka. Ni madumu 1,200 yanayopita juu ya vichwa vya watu wanaonunua maji kwa mkokoteni.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu tumezoea kusema maji yameisha, hali mara nyingi yalikuja yakapita. Maji yana haraka. Yakiachwa yatashuka mtaroni, kutoka mtaroni yataingia mtoni, na kesho yake yako baharini. Karibu kila mbinu ya kuhifadhi maji, iwe ya mababu au ya wahandisi, ukiichunguza vizuri inafanya jambo moja: inayachelewesha.

Anayeanza kukinga mvua akumbuke mambo mawili. Maji ya kwanza ya msimu huosha vumbi, majani na vinyesi vya ndege vilivyoko juu ya bati, kwa hiyo dakika za mwanzo yaachwe yamwagike kabla bomba la kuingilia tenki halijaelekezwa. Na tenki lifunikwe vizuri, mdomo wake uwe na wavu mwembamba, maana tenki lililo wazi ni nyumba ya mbu.

Je, wajua kwamba maji yanaweza kuwekwa akiba ndani ya mchanga? Ukambani, katika kaunti za Machakos, Makueni na Kitui nchini Kenya, wakulima hujenga kuta za mawe na saruji kukatiza mito ya msimu, ile inayotiririka siku chache na kukauka miezi mingi. Mafuriko yakija, mchanga hutuama nyuma ya ukuta na tope jepesi hupita juu. Baada ya msimu mmoja, au miwili mitatu, nyuma ya ukuta panakuwa na bwawa lililojaa mchanga mtupu. Mgeni akipita ataona mto mkavu. Lakini katikati ya chembe za mchanga mna nafasi, na theluthi moja hivi ya ujazo wote huo ni maji. Jua la kiangazi hukausha tabaka la juu tu. Ya chini haliyafikii. Mbu hana mahali pa kutaga, ng'ombe hawezi kuyachafua kwa kuyakanyaga, na mchanga wenyewe huyachuja. Wanawake huyachota kwa kuchimba vishimo vidogo au kwa pampu ya mkono iliyowekwa kando ya mto.

Hapo hapo Machakos ndipo palipotokea jambo ambalo wataalamu wengi hawakulitegemea. Katika miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliiandika wilaya hiyo kama ardhi iliyokwisha, imejaa makorongo, udongo umekwenda na maji. Walidhani kadiri watu watakavyoongezeka ndivyo itakavyozidi kuharibika. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha uchunguzi wao wa takriban miaka 60 ya historia ya Machakos. Idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko ulikuwa umepungua. Siri kubwa ilikuwa matuta ya fanya juu: mkulima anachimba mfereji kufuata usawa wa mlima na kuutupa udongo upande wa juu. Mvua ikinyesha, udongo unaoshuka hukwama kwenye tuta, na miaka inavyopita mteremko wenyewe hugeuka ngazi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa kwa majembe na sepetu, na vikundi vya mwethya, ambamo majirani hulimiana kwa zamu.

Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, walikwenda mbali zaidi ya hapo, na sielewi kwa nini ngoro zao, yaani kilimo chao cha mashimo, hazifundishwi katika kila shule ya Tanzania. Wanaishi kwenye milima ambayo mtu akisimama shambani huhisi kama ataporomoka. Mvua zinapokaribia kwisha, nyasi ndefu hufyekwa na kuachwa zinyauke, kisha hulazwa kwa mistari inayokatana, ikaacha viwanja vidogo vya mraba shamba zima. Kisha udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kurundikwa juu ya nyasi zile. Kwa desturi, wanaume hufyeka na kulaza nyasi, wanawake huchimba. Kazi ikimalizika mlima mzima umejaa mashimo yaliyopangika, na kuta zinazoyatenganisha ndizo zinazopandwa maharage, halafu mahindi. Kila shimo hupokea mvua yake lenyewe. Maji hayapati nafasi ya kukusanyika yakawa mkondo, na nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea. Kilimo hicho kimedumu zaidi ya karne moja kwenye miteremko ambayo trekta haiwezi kupanda.

Mwenye shamba dogo nyuma ya nyumba hahitaji mlima wa Mbinga kujifunza kitu hapo. Nyasi kavu, majani ya migomba au maganda ya mpunga yakitandazwa juu ya tuta la mchicha, jua haliupigi udongo moja kwa moja na mvua haiutwangi. Anayemwagilia kila siku ataona anaweza kuruka siku.

Je, wajua kwamba mti uliokatwa mara nyingi haujafa? Katika maeneo makavu ya Afrika, chini ya ardhi kuna mizizi iliyo hai ambayo kila mvua huchipua, na kila mwaka mbuzi au jembe hurudisha chini machipukizi yake. Mkulima akichagua machipukizi machache yaliyonyooka, akapogoa mengine na kuyalinda aliyoyaacha, anapata mti haraka kuliko wa kitaluni, kwa sababu mizizi iko tayari na imekwisha kuyafikia maji. Mkoani Dodoma njia hii inaitwa kisiki hai, na wakulima huutambulisha mti uliochaguliwa kwa kuufunga kitambaa.

Wasukuma wa Shinyanga waliijua mantiki hiyo zamani. Walikuwa na ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili lije kuokoa mifugo kiangazi. Kisha yakaja mambo mengi kwa pamoja: misitu ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, vijiji vikahamishwa, na ngitili nyingi zikapotea. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Kumbukumbu za mradi zinaonyesha kuwa wakati huo zilibaki takriban hekta 600 za ngitili. Mapema miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000. Sehemu kubwa haikupandwa miche. Watu walirudishiwa mamlaka juu ya ardhi yao, wakaifunga, miti ikaota yenyewe.

Na wakazi wa Dar es Salaam je, wanajua kwamba wanakunywa milima ya Uluguru? Mto Ruvu, unaolisha mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini na kutoa sehemu kubwa ya maji ya bomba jijini, unaanzia kwenye misitu hiyo ya Morogoro. Msitu wa mlimani hunasa hata ukungu: matone hujikusanya kwenye majani na kuvumwani, yakadondoka, yakazama taratibu kwenye udongo laini. Ndiyo maana kijito kinaendelea kutiririka miezi mingi baada ya mvua kukatika. Oktoba 2022, mvua zilipochelewa na kina cha Ruvu kikashuka, jiji liliingia kwenye mgawo wa maji, na watu waliamka usiku wa manane kungoja zamu ya mtaa wao.

Hapo ndipo jiko linapoingia kwenye habari ya maji. Katika tanuri la udongo la kienyeji, kilo moja ya mkaa hutokana na kilo tano hadi kumi za kuni. Miji yetu inapika kwa mkaa, na mkaa wa Dar es Salaam hutoka Pwani, Morogoro na mikoa mingine ambako ndiko mito inakotoka. Maharage yaliyolowekwa tangu usiku huiva kwa muda mfupi zaidi. Sufuria yenye mfuniko huchemka mapema. Jiko lenye udongo wa kufinyangwa ndani, lile lililoenea kutoka Kenya tangu miaka ya 1980, hushikilia joto na kula mkaa kidogo kuliko jiko la bati tupu. Hata maji ya kunywa yanaweza kuwa salama bila moto: yajaze kwenye chupa safi za plastiki zinazopitisha mwanga, za lita moja na nusu au mbili, uzilaze juani kwa saa sita. Mawingu yakifunika zaidi ya nusu ya anga, ziache siku mbili. Miali ya jua huua vijidudu vya kuharisha. Lakini maji yawe maangavu. Yenye tope yachujwe kwanza, maana tope hukinga vijidudu visifikiwe na jua.

Tuje bombani. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 20 kwa siku, kwa kuwa lita moja hutoka kwenye matone kama 4,000 na siku ina sekunde 86,400. Kwa mwaka ni karibu lita 8,000. Dawa yake mara nyingi ni kipira kidogo cha ndani ambacho mafundi hukiita washa, na bei yake haifiki ya soda. Choo cha kuvuta huvuja kwa siri zaidi. Tia matone machache ya rangi ya chakula kwenye tangi lake, subiri nusu saa bila kuvuta. Ukiona rangi imeshuka kwenye bakuli, kuna maji yanayopita mchana na usiku. Na kama tangi ni la zamani, lile la lita tisa au zaidi, zamisha ndani chupa ya lita moja na nusu iliyojazwa maji na kufungwa. Familia inayovuta mara 30 kwa siku itabakiza lita 45.

Kutazama mita nako kuna faida kubwa. Isome watu wakishalala, uisome tena kabla mtu yeyote hajafungua bomba asubuhi. Ikiwa imesogea, kuna mahali chini ya sakafu au uani panapovuja. Na lile bomba kuu lililopasuka barabarani, ambalo kila mtu anadhani mwenzake ameshaliripoti, liripoti. Nchini Kenya, takwimu za mdhibiti wa huduma za maji kwa miaka mingi zimeonyesha kuwa zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na mamlaka za miji hupotea au hayalipiwi, na mabomba mabovu ni sehemu kubwa ya hasara hiyo. Maji hayo yalikwisha kusukumwa kwa umeme na kutiwa dawa.

Je, wajua kiasi alichokuwa akitumia Mtume Muhammad (S.A.W.) kutawadha? Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim zinaeleza kuwa alitawadha kwa mudi moja, na kuoga josho kamili kwa pishi moja hadi mudi tano. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vikiunganishwa, kama nusu lita hadi theluthi mbili za lita, na pishi ni mudi nne. Bomba la msikitini likiachwa wazi wakati mtu anapangusa kichwa huishinda mudi hiyo kwa sekunde chache. Misikiti ya kale ya pwani ilikuwa na birika na kata: unachota unachohitaji, unaona kinavyopungua. Anayeoga kwa ndoo na kopo leo ana faida ile ile. Lita 15 zinamtosha mtu mzima, hali bafu la mvua la kawaida humaliza kiasi hicho kwa dakika mbili.

Maji ya kuoga yenyewe yana kazi ya pili. Mgomba uliopandwa nyuma ya bafu hunawiri kwa sababu huyanywa yote yanayotoka. Ya kuoshea mchele na mboga yaende kwenye bustani moja kwa moja. Yenye sabuni nyingi au yenye dawa ya kung'arisha nguo yasimwagiwe mboga za majani. Hayo yasafishe choo.

Turudi jikoni: kilo moja ya mchele hugharimu kwa wastani wa dunia kama lita 2,500 za maji, nyingi zikiwa za mvua, tangu mbegu hadi mavuno. Hesabu za namna hiyo zilienezwa na mtaalamu wa Uholanzi, Arjen Hoekstra, aliyelianzisha wazo hilo mwaka 2002. Sahani moja ya wali, inayotokana na gramu 100 hivi za mchele, imebeba lita 250. Kiporo kinachotupwa jalalani ni madumu 12 na nusu. Na kwetu hili si jambo la vitabuni. Mto Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, tangu 1993 hukatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Miongoni mwa sababu kuu ni mifereji ya mashamba ya mpunga ya Usangu, mingine ikiendelea kuchota hata baada ya mavuno. Viboko na samaki hubanana kwenye madimbwi yaliyosalia, na mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu yako chini ya mto huo huo.

Mpunga, hata hivyo, haupendi kuishi ndani ya maji kama tunavyodhani; unavumilia tu kuliko magugu. Mwaka 1983 huko Madagaska, padri Henri de Laulanié aligundua kuwa miche michanga, ikipandwa mmoja mmoja kwa nafasi pana, shamba likiloweshwa na kuachwa likauke kwa zamu, hutoa machipukizi mengi na mavuno makubwa kwa maji machache. Tanzania njia hii inaitwa kilimo shadidi, na wakulima wa skimu ya Mkindo mkoani Morogoro wamekuwa wakiitumia. Palizi huongezeka, kwa hiyo ni lazima kuwa na kipalilizi cha mkono.

Mwenye miche michache ya matunda ana njia ya zamani mno. Kitabu cha kilimo cha Fan Shengzhi wa China, cha zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kinaeleza kufukia chungu cha udongo shambani na kukijaza maji. Chungu kisichopakwa rangi hupitisha maji kidogo kidogo, na kwa kadiri udongo wa nje ulivyokauka. Ukiwa na unyevu, chungu hunyamaza. Mfinyanzi yeyote wa kijijini anaweza kukitengeneza. Kifunike mdomo ili mbu wasiingie.

Mwenye kisima cha pwani, hasa Unguja na Pemba, anakaa juu ya siri nyingine. Chini ya visiwa, maji baridi huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya kwenye mawe, kwa kuwa ni mepesi kidogo. Uzito wa maji hayo mawili umepishana kiasi kwamba kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huzuia chumvi hadi mita 40 hivi chini. Kinyume chake ndicho cha kutisha: pampu ikishusha maji ya kisima kwa mita moja, chumvi inaweza kupanda mita 40. Kisima kikishaingia chumvi huchukua miaka kupona. Sultani Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, aliuletea mji maji ya chemchemi kutoka upande wa Bububu, na hadi leo chemchemi na visima ndivyo vinavyoinywesha Unguja. Kila mita ya ardhi inayofunikwa saruji kisiwani humo ni mita moja ambayo mvua haizami tena. Vipande vya saruji vyenye nafasi kati yake, au kokoto tu, vinatosha kwa ua wa nyumba.

Mafuta machafu ya injini nayo yatajwe. Inakadiriwa lita moja inaweza kuharibu hadi lita milioni moja za maji. Gereji iliyo kando ya mto iyakusanye kwenye pipa, na mwenye gari aulize yanakwenda wapi kabla hajalipa. Kuhusu mifuko ya plastiki tumekwisha kupiga hatua: Zanzibar iliikataza mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya Agosti 28, 2017, na Tanzania Bara Juni 1, 2019. Mitaro ilipumua. Sasa chupa ndizo zinazoiziba.

Mwishoni mwa safari yake maji hukutana na mikoko, nayo pia huyachelewesha: mizizi yake hunasa tope lisiende kuyafunika matumbawe, na huvunja nguvu ya mawimbi yasile pwani. Delta ya Rufiji ndiyo yenye msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko katika Afrika Mashariki. Huko Gazi, kaunti ya Kwale nchini Kenya, wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda hekta 117 chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, mradi wa kwanza duniani wa jamii kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko. Fedha hizo hugawanywa kwa mkutano wa wanakijiji wenyewe. Zimenunua vitabu vya shule, zimekarabati madarasa, na zimepeleka maji safi ya bomba vijijini.